Ukitaka kumsifu mtu wa udahili, kwanza fungua mafaili yake

Haya niliyaongea mbele ya wakuu wa ofisi za udahili wa vyuo. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, utani mwingine nimeupunguza maana kwenye maandishi hauchekeshi.

Ndugu zangu wakuu wa ofisi, na nyie mliotumwa kuwawakilisha wakuu wa ofisi, hamjambo. Najua kumtoa mtu wa udahili mezani kwake saa moja nzima bila kushika simu ni shughuli, kwahiyo asanteni kwa kuja.

Nimeambiwa niongelee motisha isiyo ya pesa. Na naona wengine mmeshafungua daftari mnasubiri orodha, zawadi za bure kumi za kumpa mfanyakazi, mkaipeleke ofisini Jumatatu. Orodha hiyo sina jamani. Nina jambo moja tu na nitalizunguka mpaka muda uishe: huwezi kumsifu mtu vizuri kama hujui amefanya nini, na wengi wetu tunaoongoza hizi ofisi hatujui. Tunajua idadi. Tunajua maombi mangapi yameingia, mangapi yamekamilika, wangapi wamekubali nafasi, wangapi hawajajibu. Ukimuuliza mkuu wa kitengo, huyu binti wa meza ya tatu wiki iliyopita alifanya kitu gani kigumu, anakwambia "anachapa kazi sana huyu". Sawa, kazi gani?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtu wa udahili anacheza kwao kila msimu na wala hatunzwi, na sababu sio roho mbaya ya mabosi, ni kazi yenyewe ilivyokaa. Mambo yakienda sawa hakuna anayekumbuka kama ofisi hiyo ipo, mwanafunzi akiingia akasoma akamaliza, sifa ni zake na za wazazi wake na za walimu wake na za kitivo. Jina moja likiruka kwenye orodha, au barua moja ikienda kwa mtu siye, basi chuo kizima kinajua udahili uko mlango gani. Alafu matokeo ya kazi yenyewe yanakuja baada ya miaka mitatu, minne, wakati yule aliyekaa usiku analinganisha matokeo ya mwombaji na cheti chenye jina lililoandikwa tofauti ameshasahau, au ameshahama. Fundi ujenzi anapita barabarani anaiona nyumba aliyoijenga. Afisa udahili ataiona wapi nyumba yake?

Sasa kabla sijaendelea niseme la mshahara, maana nikiliruka kuna watu watalala na kinyongo. Kama mmekuja hapa kutafuta namna ya kumlipa mtu kidogo alafu umtulize kwa cheti chenye fremu, mimi simo. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano yao na wahandisi na wahasibu kama mia mbili hivi kutoka eneo la Pittsburgh, Marekani, wakiwauliza lini ulijisikia vizuri sana kazini, na lini ulijisikia vibaya. Ikaonekana yale yanayomkera mtu na yale yanayomwasha sio kitu kimoja kilichogeuzwa juu chini. Kwenye kukera kulijaa sera za ofisi, usimamizi mbovu, mazingira, na mshahara akauweka huko huko. Kwenye kuwasha kulijaa kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe kuwa na maana, kupewa dhamana. Kuna wataalamu wamembishia Herzberg na wana hoja zao, lakini mimi nachukua kitu kimoja tu kwake: shukrani haizibi tundu la mshahara. Mtu ambaye overtaimu yake ya msimu uliopita haijalipwa ukimpigia makofi mbele ya wenzake unamtukana. Lipa kwanza, alafu tuongee.

Tukishalipa, tunaongea nini?

Nianze na kitu ambacho watu wengi wa udahili hawakijui hata kama ni kazi yao. Kule Marekani, tangu sheria ya elimu ya juu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1992, chuo kinachopokea pesa za serikali kuu za kusaidia wanafunzi hakiruhusiwi kumlipa mtu wa udahili kamisheni au bonasi kwa kuhesabu vichwa alivyoandikisha. Sababu inaeleweka, ukimlipa mtu kwa kichwa ataleta vichwa, hata vya watu ambao kozi hiyo haiwafai, wanaingia na mkopo wanatoka bila cheti na mkopo unabaki. Na kanuni zao hazikuishia kwenye noti, zinasema pesa au kitu chochote chenye thamani nje ya mshahara wa kawaida. Maana yake ile safari ya mapumziko uliyomwahidi "atakayeleta wengi", hata kama hakuna pesa iliyopita mkononi, kule ni kosa lile lile.

Nimelileta hili sio kuwafundisha sheria za watu. Nimelileta kwa sababu limeshika ukweli ambao hauhitaji sheria: unachokisifu ndicho utakachokipata, na hata makofi ni malipo. Ofisi inayopiga kengele kila idadi ikipanda imeshawaambia wafanyakazi wake idadi ndo kazi. Yule aliyemwambia mzazi ukweli, kwamba kijana wako kwa haya masomo aliyofaulu kozi hii itamsumbua, bora ile nyingine au hata chuo kingine, yeye kengele haimhusu, kwenye ubao wenu anaonekana kapoteza mteja. Mimi huyo ndo ningemsimamisha mbele. Ningesema kabisa, jamani fulani jana alimwelekeza mwombaji asije kwetu na alikuwa sahihi. Mara moja tu ukisema hivyo mbele ya watu ofisi nzima inakuelewa unataka nini, kuliko semina ya siku tatu ya maadili.

Sasa niende kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwenye chuo kikuu kimoja huko huko Marekani, kwenye kitengo cha kupiga simu kuomba michango kwa waliosoma pale zamani. Kazi ya kuchosha kwelikweli, unapiga unakatiwa, unapiga unakatiwa. Sehemu ya michango ilikuwa inalipia ufadhili wa wanafunzi. Kundi moja la wapigaji likakutanishwa na mwanafunzi mmoja aliyesoma kwa ufadhili huo, dakika tano hivi, wakamuuliza maswali, basi, wakarudi kwenye simu. Kundi jingine lilisoma tu barua ya mwanafunzi huyo, jingine halikupewa kitu. Mwezi mmoja baadaye wale waliomwona mwanafunzi kwa macho walikuwa wameongeza muda wao kwenye simu kwa asilimia 142, na michango yao ilipanda kwa asilimia 171. Wa barua na wale wasiopewa kitu walibaki karibu pale pale. Watu walikuwa wachache kwenye huo utafiti na kuomba michango sio sawa na kusoma mafaili, kwahiyo usiende kumwahidi mkuu wa chuo asilimia 171, atakudai. Lakini jiulize, dakika tano, mshahara ule ule, meza ile ile, kilichobadilika ni nini? Waliona kazi yao imefikia wapi, na imefikia kwa mtu mwenye sura na jina.

Sisi tunakaa ndani ya chuo! Watu tuliowadahili wanapita dirishani kila siku na hatujawahi kumwita hata mmoja aje akae dakika tano na waliohangaika na faili lake. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye faili lake nusura lifungwe, cheti kilichelewa, au alikuwa anaomba anatumia simu ya kuazima, afisa wako akampigia mara ya pili na ya tatu mpaka likakamilika. Muombe ridhaa kwanza, maana habari zake ni mali yake, asije akashtukia maisha yake yanasimuliwa mbele ya watu asiowajua. Akikubali mlete. Na tafadhali sana msimwandikie cha kusema. Nimeshaona mwanafunzi amesimamishwa anasoma karatasi iliyojaa "napenda kuushukuru uongozi", uongozi umekaa mbele unatabasamu, na wale watu wa mafaili wapo nyuma wanaangalia saa. Mwacheni aongee anavyojua, na wale wamuulize wanachotaka. Mkuu kama una kazi nyingine nenda kafanye.

Mnaweza pia kuwapeleka mahafali. Sio kupanga viti na kugawa ratiba, hapana, kukaa kama wageni, kwenye viti vya wageni. Vyuo vingi siku ya mahafali mtu wa udahili anapewa kazi ya kuelekeza magari. Sijui nani aliamua hivyo lakini imekuwa desturi.

Haya, kusifu kwenyewe. Hapa ndo pale pa kufungua mafaili. Sifa ya jumla, "asanteni timu kwa kujituma", inapita juu ya vichwa kama tangazo la stendi, kila mtu anajua hata yule aliyelala naye ameshukuriwa. Sifa yenye kazi ndani yake inakaa tofauti. Mfano unamwambia mtu: nimeona ile namba ya mtihani iliyokuwa na tarakimu mbili zimebadilishana, sistimu ilishaikataa, wewe ukarudi kuangalia kopi ya cheti ukaigundua, bila hivyo yule kijana alikuwa ameshatoka. Au: nimesikia ulivyoongea na yule baba aliyepiga anafoka, ulimwacha amalize, hukumdanganya kwamba utamsaidia kitu ambacho huwezi. Sentensi mbili. Lakini ili uzipate sentensi mbili lazima ukae na mafaili, au ukae karibu na dawati la simu ukasikiliza, au umuulize msimamizi wake swali la maana, na huo muda ndo motisha yenyewe, mtu anajua mkubwa alitumia dakika ishirini kuangalia kazi yangu na sio kutafuta kosa.

Na wapi umsifie? Muulize. Kuna anayependa mbele ya watu wote na picha ipigwe, kuna ambaye ukimsimamisha mbele umemwadhibu, atatetemeka alafu wenzake watamwita kipenzi cha bosi wiki nzima. Huyo meseji fupi inamtosha, au karatasi kwenye meza. Muulize mara moja siku anapoanza kazi uandike mahali, kama unavyoandika namba ya ndugu wa karibu.

Mfanyakazi bora wa mwezi sasa. Najua wengine mnayo ile picha ukutani. Mimi siipendi, na sababu zangu sio za kihisia tu. Kuna utafiti wa Gubler, Larkin na Pierce uliotoka 2016, kwenye viwanda vya kufua nguo Marekani, menejimenti ya kiwanda kimoja ilitangaza kwamba asiyechelewa wala kukosa kazi mwezi mzima anaingia kwenye bahati nasibu ya zawadi ndogo. Uchelewaji ukapungua, ndiyo, lakini watu wakaanza kuuchezea mpango, na wale ambao hata kabla ya zawadi walikuwa wanawahi kwa hiari yao, uzalishaji wao ulishuka kwa asilimia 6 hadi 8. Wazuri ndo walioharibika. Walikuwa wanafanya kwa sababu ni watu wa kufanya, sasa wanaona asiyewahi analipwa kuanza kuwahi, wao miaka yote hiyo walikuwa wajinga?

Alafu mwaka huo huo 2016 kuna utafiti mwingine, wa Bradler na wenzake, watu zaidi ya 300 waliajiriwa kwa saa chache kuingiza data, kazi ambayo watu wa udahili mnaijua vizuri. Katikati ya kazi, bila kutangaza mapema, waliofanya vizuri kwenye baadhi ya makundi walipewa kadi ya shukrani mbele ya wenzao. Uzalishaji ulipanda, na waliopandisha zaidi ni wale ambao HAWAKUPEWA kadi. Walipopewa watatu bora tu ndo ilifanya kazi zaidi kuliko kumpa kila mtu.

Sasa mtu atasema mbona huku zawadi inaharibu na kule inajenga. Mimi ninavyosoma, tofauti kubwa ipo kwenye kutangaza mapema. Ile ya kiwandani ilikuwa chambo, fanya hivi upate hivi. Ile ya kadi ilikuja baada ya kazi, hakuna aliyeifanyia kazi, ikabaki kuwa habari: kuna mtu anaangalia. Na hili ni la zamani, mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walifanya kwa watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora, walioahidiwa cheti wakichora, baadaye walipoachwa huru hamu yao ya kuchora ilikuwa imepungua, waliopewa cheti kwa kushtukizwa hamu yao haikushuka. Kwahiyo ile zamu ya picha ukutani, mwezi huu wewe mwezi ujao yule ili asinune, ina ubaya wa pande zote mbili, inatarajiwa na haina habari ndani yake. Iondoeni. Kimyakimya, msitoe waraka.

Zawadi nyingine zisizo za pesa nazipitia haraka, sio kwamba ni ndogo.

Muda. Baada ya dirisha la maombi kufungwa mtu apewe siku zake, zenye tarehe, zilizoandikwa kabla msimu haujaanza, sio "tutaangalia". Na ukishampa usimtafute kwenye kikundi cha ofisi Jumamosi usiku, ukimtumia meseji ya "samahani kidogo tu" umeshaichukua.

Mamlaka. Hii watu hawaihesabu kama zawadi na kwa maoni yangu inazidi cheti chochote. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameandika kwa miongo mingi kwamba mtu anahitaji kuwa na uamuzi wake, kuhisi anaiweza kazi, na kuwa na watu anaoshikamana nao. Afisa wa miaka sita bado anapeleka kwako kila ombi la kuongezewa siku mbili za kuleta cheti, usaini, kwanini? Mwambie: mpaka siku tano uamue mwenyewe, nakuamini, ukikosea tutarekebisha pamoja. Umemtambua hapo. Umejipunguzia na foleni mlangoni kwako.

Kuondoa kero. Waulize ni fomu gani inawatesa bure. Kila ofisi ina fomu moja ambayo taarifa zake zinajazwa mara mbili na hakuna anayejua nani anazisoma. Iue hiyo fomu, alafu useme hadharani nani aliyependekeza ife.

Na meza ya maamuzi. Vigezo vya kudahili vinapopangwa, wanaokaa kwenye hicho kikao mara nyingi hawajawahi kujibu simu ya mwombaji hata moja. Mwiteni anayejibu. Akitoa hoja mkaikataa ni sawa, mrudishie sababu.

Kuna hili la kutazama nani anasahaulika. Wanaosifiwa udahili ni wanaosafiri, wa maonyesho ya vyuo, wanaoongea vizuri na wana mashati yenye nembo. Anayeskani nyaraka, anayepokea watu mlangoni, na wale wa mkataba wa miezi mitatu wanaokuja msimu ukichemka, hao picha ya pamoja inapigwa wameshaondoka. Wa mkataba hasa: mpe barua inayosema alifanya nini, kwa maneno ya kazi yake, hiyo barua ataitembeza akitafuta kazi nyingine na haikugharimu chochote zaidi ya nusu saa. Na wanaopiga simu za kuwaambia watu hawakuchaguliwa, jamani, hao msiwape siku nzima ya kazi hiyo peke yake, na ikiisha mtu mkubwa akae nao kidogo awaulize ilikuwaje. Kupokea vilio vya watu na kubaki na adabu ni ujuzi, na haupo kwenye ripoti yoyote niliyowahi kuisoma.

Kwenye maswali kaka mmoja aliuliza, na mzembe je, nitamsifia nini? Nikamwambia usimsifie. Sifa ya uongo wenzake wataijua kabla yake na utakuwa umeshusha bei ya zile za kweli. Lakini kaa na mafaili yake pia, kwa utaratibu ule ule, wakati mwingine unakuta anayeonekana mzembe ndiye anayerushiwa kesi zote ngumu na ndo maana idadi yake iko chini. Wakati mwingine unakuta ni mzembe kweli, hapo kuna taratibu zake na sio mada ya leo.

Dada mmoja wa nyuma akauliza lililo gumu zaidi: na sisi wakuu wa ofisi, nani anatuona? Kwakweli ukumbi ulicheka lakini lile sio swali la kucheka. Nilimjibu hivi. Ripoti yako ya msimu kwa mkuu wa chuo usijaze grafu peke yake, weka kesi tatu au nne zenye majina ya wafanyakazi wako na walichofanya, kwa sababu yeye naye anazijua idadi tu, kama ulivyokuwa wewe. Alafu muombe aje akae ofisini kwenu saa moja, sio ziara ya kupeana mikono, akae kwenye kiti cha dawati la mbele ndani ya ile wiki ya mwisho ya maombi, na simu ikiita aipokee yeye. Ombi lipelekwe mapema tu, kalenda zao mnazijua.